Kuondoa Mapambo ya Ubavu wa Gari: Mafundi wa California na Viwanda vya Detroit (1935–1960)

Mtu akiitazama picha ya gari la Kimarekani la mwaka 1958, kinachovuta jicho kwanza si umbo la bati bali mikanda inayong'aa iliyobandikwa ubavuni. Mikanda hiyo huanzia karibu na taa za mbele, hupita juu ya milango, na mara nyingi hupinda au kugawanyika kabla ya kuifikia taa ya nyuma. Katika miaka hiyohiyo, kwenye garaji ndogo za California, walikuwepo mafundi waliolipwa ili waing'oe mikanda hiyo, wazibe matundu yake na kupaka rangi juu yake hata isijulikane tena kwamba ilikuwapo. Kazi hiyo imeelezwa mara nyingi kuwa ni jambo la ladha tu: vijana walitaka gari lililo safi machoni. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi mno. Historia ya mikanda yenyewe yaonyesha kwamba kilichong'olewa hakikuwa pambo peke yake.

Yafaa kuanza na madini. Magari ya mwanzo wa karne ya 20 yalipambwa kwa shaba nyeupe na ya manjano, kisha kwa nikeli. Nikeli hung'aa vizuri, ila hufifia, na mwenye gari alilazimika kuisugua kila mara. Katikati ya miaka ya 1920 utafiti wa Colin Fink wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, uliwezesha viwanda kupaka kromu kwa njia ya umeme. Kromu haihitaji kusuguliwa kila wiki, nayo ina weupe unaoelekea buluu ambao nikeli haina. Hata hivyo kromu yenyewe ni utando mwembamba sana, usiofikia unene wa mikroni 1. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli, hasa juu ya vipande vilivyosubiwa kwa zinki, huwekwa shaba, madini ambayo mkazi wa Lubumbashi au wa Likasi hahitaji kuelezwa. Aidha, hapana budi kusahihisha kosa moja la kawaida: sehemu kubwa ya mikanda ya ubavuni ya miaka ya 1950 haikuwa ya kromu hata kidogo, bali ya chuma cha pua kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Watu waliita vyote kromu, na jina hilo limebaki.

Madini hayo yangebaki kuwa jambo la wahandisi kama yasingekutana na mpango wa biashara. Katika miaka ya 1920 kampuni ya General Motors, chini ya uongozi wa Alfred Sloan, ilipanga magari yake kama ngazi: Chevrolet chini, Cadillac juu, na mnunuzi akitarajiwa kupanda kadiri mapato yake yanavyoongezeka. Pamoja na ngazi hiyo ulikuja utaratibu wa kubadilisha sura ya gari kila mwaka. Mwaka 1927 kampuni ilianzisha idara ya sanaa na rangi, ikamkabidhi Harley Earl, mzaliwa wa Hollywood, ambaye baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza miili ya magari. Earl alisimamia sura za magari ya kampuni hiyo mpaka alipostaafu mwaka 1958.

Hapa ndipo mkanda wa ubavuni ulipopata kazi yake halisi. Kutengeneza upya mashine za kukandamiza bati la mlango au la bawa la gari ni gharama kubwa, na kiwanda hakiwezi kufanya hivyo kila mwaka. Kubadilisha mkanda ni rahisi: matundu machache yanatobolewa mahali pengine, vishikizo vingine vinawekwa, na gari la mwaka jana linaonekana kuukuu ingawa bati ni lilelile. Mkanda ulikuwa kalenda. Vilevile ulikuwa kipimo cha cheo. Chevrolet ya 1955 iliuzwa kwa daraja tatu, One-Fifty, Two-Ten na Bel Air, zenye mwili mmoja kimsingi. Ile ya bei ya chini karibu haikuwa na kitu ubavuni. Ile ya juu ilikuwa na mikanda iliyogawanya rangi mbili. Kufikia 1957 Bel Air ilikuwa na bamba la alumini lenye mistari kwenye ubavu wa nyuma, na jirani yeyote aliweza kusoma toka mbali kiasi gani kilicholipwa. Kwa hiyo ukosefu wa mapambo, katika lugha ya kiwanda, ulikuwa na maana moja tu: umaskini wa mnunuzi, au gari la polisi na la mawakala wa biashara.

Kuna nyakati mbili ambapo lugha hiyo ilikatizwa na vita. Magari machache yaliyoundwa Marekani tangu Januari 1942 yalitoka kiwandani yakiwa na mapambo yaliyopakwa rangi, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza madini hayo yasitumike kwa urembo; bampa pekee ziliachiwa mng'ao wake. Mwezi wa Februari utengenezaji wa magari ya raia ukasimamishwa kabisa. Mara ya pili ilikuwa wakati wa vita vya Korea, ambapo nikeli ilibanwa, na kromu ya magari ya 1952, ikiwa imewekwa bila nikeli ya kutosha chini yake, ikachubuka upesi. Wamiliki wengi wa magari hayo waliona kwa macho yao jinsi utajiri huo ulivyokuwa mwembamba.

Wale waliokuja kuing'oa mikanda walianza kabla ya vita. Katika mji wa Sacramento, miaka ya 1930, Harry Westergard alikuwa akibadilisha Ford za katikati ya muongo huo: alishusha paa, akaondoa vishikio vya milango, akaziba matundu ya nembo, na mara nyingi akaweka mbele kizuizi cha rejeta kilichotoka katika gari la bei kubwa zaidi, kama Packard. Miongoni mwa vijana waliojifunza kwake walikuwa ndugu wawili wa nasaba ya Kigiriki, Sam na George Barris, mayatima waliolelewa na jamaa zao huko Roseville, karibu na Sacramento. George alihamia Los Angeles wakati wa vita; Sam alimfuata baada ya kumaliza utumishi wa jeshi la majini. Sam (1924–1967) ndiye aliyekuwa fundi bati hasa, na George (1925–2015) ndiye aliyejua kupiga picha, kuandika katika majarida na kuuza jina. Msomaji anayemfahamu George kwa sababu ya gari la Batman la 1966 anafahamu upande wa pili tu wa karakana hiyo.

Mazingira yalisaidia. Sehemu kubwa ya California haina theluji wala chumvi barabarani, hivyo bati la gari la miaka kumi halikuwa limeoza. Viwanda vya ndege vya Los Angeles vilikuwa vimefundisha maelfu ya watu kulehemu na kukunja bati. Askari waliorudi walikuwa na akiba kidogo, na magari yaliyotumika yalikuwa ya bei ndogo. Tangu Januari 1948 jarida la Hot Rod likaanza kutoka, na mengine yakafuata, yakisambaza picha za kazi hizo mpaka majimbo ambayo hayakuwa yamewahi kuona gari la aina hiyo.

Kuhusu kazi yenyewe, inafaa kukaa kidogo, maana wanahistoria wa sanaa huipita haraka. Mafundi waliiita kwa neno lao lenye maana ya kunyoa, na kwa kweli hakuna mfano bora zaidi: ni kuondoa kile kilichoota juu ya ngozi bila kuijeruhi ngozi. Kuing'oa mikanda ni kazi ya dakika chache. Vishikizo vinaminywa toka ndani, mkanda unatoka, na ubavu unabaki na mstari wa matundu madogo, kila tundu likiwa na duara la kutu, kwa kuwa maji hukaa nyuma ya mkanda. Taabu huanza hapo. Matundu yakilehemiwa kwa moto mkali, bati pana na bapa hutanuka, kisha hujikunja linapopoa, na ubavu mzima hutokea mawimbi. Fundi mzuri huziba tundu moja, huacha bati lipoe au hulipoza kwa kitambaa chenye maji, huenda kwenye tundu la mbali, kisha hurudi. Baadaye huligonga kwa nyundo juu ya chuma kidogo anachokishika upande wa pili.

Juu ya kulehemu kulipakwa risasi. Mchanganyiko uliotumika zaidi ulikuwa wa sehemu 70 za risasi kwa sehemu 30 za bati jeupe, na sababu yake ni ya kikemia: mchanganyiko huo huanza kulainika kwenye nyuzi 183 za Selsiasi lakini haugeuki maji mara moja. Kwa kitambo, kati ya ugumu na umaji, unakuwa kama ugali mzito, na fundi anaweza kuusambaza kwa kibao cha mti mgumu kilichopakwa mafuta ili kisishike. Anayezidisha moto huona risasi ikimwagika sakafuni. Anayepunguza huona ikikatikakatika. Kisha hufuata tupa yenye meno ya mviringo, na mkono wazi unaopitishwa juu ya bati, kwa maana mkono huhisi bonde ambalo jicho haliwezi kuliona kabla ya rangi. Asidi iliyosafishia bati isipooshwa kabisa, rangi itavimba malengelenge baada ya miezi kadhaa, na kazi yote itaanza upya. Kutokana na uzito wa risasi hiyo, magari ya namna hii yalipewa jina la utani linalohusu risasi na mtambo wa kuteleza juu ya theluji. Vumbi lake lilikuwa sumu, na wengi walisugua bila kujikinga. Katikati ya miaka ya 1950 mastiki ya poliesta ikaingia sokoni. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji moto, na ikaharibu sifa ya kazi hii pia, kwa sababu ilimruhusu mtu asiyejua bati kuziba tundu kwa mbele tu, na kutu ikaendelea kula nyuma yake.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa macho. Mkanda unaong'aa huvunja mwanga. Jicho hufuata mstari wake na kusahau bati lililo juu na chini. Ubavu ulionyolewa hauna pa kujificha. Kila bonde la milimita moja huonekana katika kivuli cha jengo linalopita juu ya rangi. Ndiyo kusema kwamba gari lililopunguzwa mapambo lilidai ustadi mkubwa kuliko gari lililojazwa mapambo, na gharama yake, kwa saa za kazi, ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya daraja la chini na la juu la kiwanda. Hapo maana ya ubavu mtupu iligeuka. Kiwandani ulikuwa alama ya aliyekosa; garajini ukawa alama ya aliyeweza kulipa, au aliyeweza kufanya kwa mikono yake.

Je, mafundi hao walichukia pambo? Wazo hilo lingewafananisha na Adolf Loos, msanifu majengo wa Vienna aliyelishambulia pambo mwanzoni mwa karne. Ushahidi wa magari unapinga. Mfano ulio wazi ni Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, iliyofanyizwa katika karakana ya ndugu Barris mwaka 1952. Paa lilikatwa na kushushwa, nguzo za katikati ya madirisha zikaondolewa, vishikio vya milango na nembo zikatoweka. Lakini ubavuni uliwekwa mkanda wa Buick ya 1952, ukashuka kwa mteremko wa pole na kugawanya kijani cha aina mbili. Mkanda wa Mercury uliondolewa, wa Buick ukaingia. Mtu anayechukia pambo hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu anayekataa kwamba kiwanda ndicho chenye haki ya kuamua ni pambo lipi liwe la nani. Buick ilikuwa ngazi ya juu kuliko Mercury, tena ya kampuni shindani. Kuuchukua mkanda wake na kuupachika juu ya Mercury kulivuruga ngazi na kalenda kwa pamoja. Aliyeliona gari hilo barabarani hakuweza kusema ni la mwaka gani wala la daraja gani. Alilazimika kuuliza nani amelitengeneza.

Hilo ndilo lililokuwa na uzito kwa vijana hao. Wengi wao walikuwa wana wa wafanyakazi, baadhi wa asili ya Kimeksiko, wengine, kama Hirohata mwenyewe, wa asili ya Kijapani, jamii ambayo miaka kumi kabla ilikuwa imefungiwa kambini kwa amri ya serikali. Kwa mtu ambaye jamii ilikuwa imemwekea daraja tayari, gari lisilosomeka halikuwa mchezo mdogo. Polisi nao walilielewa hilo kwa namna yao. Magari yaliyoshushwa yalisimamishwa mara kwa mara, na mwaka 1958 California ilikuwa na sheria iliyokataza sehemu ya mwili wa gari kuwa chini kuliko ukingo wa gurudumu. Sheria hiyo ilidumu miongo zaidi ya sita. Ilifutwa kuanzia mwaka 2024.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba wote walikuwa na nia moja. Vijana wa Kichikano wa mashariki ya Los Angeles walipoanza kupenda Chevrolet Impala, wengi waliuacha mkanda wa kiwanda mahali pake, wakausugua, na kuweka ubunifu wao katika rangi na katika pampu za haidroliki za kupandisha na kushusha gari. Kwao ubavu wa Impala ulikuwa urithi wa kutunzwa. Kuna hoja katika uamuzi huo, nayo haijibiwi kwa kusema kwamba ladha hutofautiana: aliyenyimwa kitu kipya dukani anaweza kukikataa, na pia anaweza kukitwaa kikiwa kimetumika na kukiheshimu kuliko aliyekinunua kwanza.

Detroit kwenyewe, mambo yalifikia kikomo. Buick ya 1958 ilikuwa na vizuizi vya mbele vilivyoundwa kwa miraba 160 inayong'aa. Oldsmobile ya mwaka huohuo ilibeba mistari minne ubavuni nyuma, na Alex Tremulis, msanii wa kampuni ya Ford, akaichora kwa dhihaka akiweka nota za muziki juu ya mistari hiyo. Tayari mwaka 1955 Raymond Loewy, aliyesimamia sura ya Studebaker ya 1953, alikuwa amewaambia wahandisi wazi kwamba magari yao yamekuwa masanduku ya muziki ya baa yaliyowekewa magurudumu. Mwaka 1961 Lincoln Continental, iliyobuniwa na Elwood Engel, ikatoka na ubavu mtupu kabisa; kulikuwa na mstari mwembamba mmoja tu uliopita juu, pale ubavu unapokutana na sehemu ya juu ya gari. Lilikuwa gari la bei ya juu sana. Hakuna haja ya kudai kwamba Engel aliwaiga mafundi wa Lynwood na Sacramento, na dai hilo ni gumu kuthibitisha. Linaloonekana ni kwamba ndani ya miaka isiyofika kumi, ubavu mtupu ulihama toka gari la mawakala wa biashara, ukapitia garaji za vijana, ukaishia katika gari la marais.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimuliwa. Mkanda ulirudi katika miaka ya 1970 ukiwa wa mpira au plastiki nyeusi, ukitetewa kwa hoja ya kulinda mlango usigongwe na milango mingine kwenye maegesho. Toka miaka ya 1980 gundi ya povu ya akriliki ilianza kuchukua nafasi ya vishikizo, na kuung'oa mkanda kukawa kazi ya joto kidogo na uzi wa kuvulia samaki, bila tundu la kuziba. Vijana wa Ujerumani walifanya hivyo kwa Volkswagen Golf zao kwa maelfu. Kwa kuwa kazi imekuwa rahisi, maana yake imepungua pia. Kwa upande mwingine, kromu ya aina iliyotumiwa na viwanda, ambayo maji yake ya kupakia yanasababisha saratani kwa wafanyakazi, imewekewa masharti makali. Katika Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 haitumiki bila idhini maalumu.

Tatizo lililobaki ni la watunzaji. Mercury ya Hirohata ilinunuliwa na kijana mmoja mwaka 1959 kwa dola 500, akakaa nayo maisha yake yote. Mwaka 2017 iliandikwa katika orodha ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, na Januari 2022 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Sasa mabadiliko yake ndiyo asili yake, na hakuna anayefikiria kuirudishia mkanda wa Mercury. Lakini kwa kila gari la namna hiyo kuna mamia ya Chevrolet na Ford za kawaida zilizonyolewa na mikono isiyojulikana, nazo soko la leo hupenda zaidi zile zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani. Mikanda ya chuma cha pua iliyotupwa kwenye mapipa ya garaji mwaka 1955 hutafutwa katika masoko ya vipuri vikuukuu na kununuliwa kwa bei ambayo aliyeitupa angeicheka. Wapo wamiliki wanaopima upya ubavu kwa karatasi za kiolezo zilizonakiliwa toka gari lingine, wakatafuta mahali risasi ilipokaa chini ya rangi, na kutoboa tena, moja baada ya jingine, matundu yaliyozibwa.